Watoto 71 na kaunta buku moja

Swali: Shikamoo Bi. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, wilayani Handeni. Nina watoto 71 na niko peke yangu. Mwaka huu mwalimu mkuu ameniagiza nitunge mtihani wa nusu muhula, niwapange watoto wa kwanza mpaka wa mwisho na nijaze asilimia. Nilijaribu. Wawili walilala, mmoja alilia, wengi walinakili cha jirani. Wazazi nao wananiuliza mbona watoto wanacheza tu, hawaandiki. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto wa awali hupimwa kwa kutazamwa akiwa kazini, lakini hakuna aliyetuonyesha namna ya kuwatazama 71. Nianzie wapi? Na andalio la somo nilijazeje ili lisiwe la kumridhisha mthibiti ubora tu?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na wale wawili waliolala, maana ndio waliokujibu kwa ukweli kuliko wote. Mtoto wa miaka mitano aliyeamka alfajiri, akatembea mpaka shuleni, akafika uji haujaiva, ukimpa karatasi na kumwambia akae kimya, atalala tu. Hapo hujapima hesabu wala kusoma. Umepima nani kala, nani ana penseli yenye ncha, nani kakaa jirani na mtoto mwenye dada darasa la tatu. Kisha ukaziandika asilimia, na asilimia ikishaandikwa hakuna anayeuliza tena ilipatikanaje. Mtoto anaitwa "wa 68" mpaka anaingia darasa la kwanza, na mwalimu wa huko anamkalisha nyuma.

Sikusemi, nami nimeyafanya hayo. Mwaka wangu wa tatu kazini niliwapanga watoto wangu, nikabandika orodha mlangoni, nikajiona mwalimu kweli. Wa mwisho alikuwa msichana mpole ambaye mimi nilimwandika "mzito". Miezi imepita ndipo nikagundua kwamba nikimwita kwa nyuma hageuki, nikimwita kwa mbele anatabasamu. Alikuwa hasikii vizuri. Alikuwa anasoma midomo yangu siku zote zile, kazi ngumu kuliko yoyote niliyompa mtoto mwingine darasani, nami nikampa nafasi ya mwisho.

Mtaala unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Wewe una karibu mara tatu ya hao. Ada zilipofutwa Januari 2016 madarasa ya awali yalifurika. Lilikuwa jambo jema, ila vyumba na walimu havikufuata kwa kasi hiyo. Kwa hiyo sitakupa ushauri wa darasa lenye zulia na mwalimu msaidizi. Nitakupa wa darasa lenye mikeka minane, mwembe nje na wewe.

Hesabu ya kwanza ni yako. Huwezi kuwatazama 71 kwa siku, wala usijaribu. Unaweza kuwatazama wanne. Wanne kwa siku, siku tano, ni 20 kwa wiki. Kabla wiki ya nne haijaisha umemfikia kila mmoja, kisha unaanza tena. Kwa muhula mmoja kila mtoto utakuwa umemtazama kwa makini angalau mara mbili au tatu, na hiyo ni mara mbili au tatu zaidi ya sasa. Nunua kaunta buku moja nene, mpe kila mtoto ukurasa wake. Asubuhi, kabla hujaingia darasani, fungua kurasa nne zinazofuata uone majina. Usiwaambie watoto. Siku hiyo macho yako yanarudi kwa hao wanne tu, hata ukiwa unagawa uji.

Sasa, cha kuandika. Hapa ndipo walimu wengi hukwama, na ndipo nitakaa kidogo.

Ukiandika "mtundu, hasikilizi", hujaandika kitu ulichokiona, umeandika ulivyojisikia. Andika hivi: "Amekaa mkekani muda mfupi wakati wa hadithi, akainuka, akaenda kona ya duka la kuchezea, akapanga vizibo 8: vyekundu huku, vya kijani huku. Akaja mwenzake kuchukua kimoja, akasema 'hapana, hicho cha Fanta.'" Mistari mitatu. Isome tena. Mtoto huyo anaweza kutenga vitu kwa rangi, anajua kutetea kazi yake kwa maneno badala ya ngumi, na anaweza kutulia muda mrefu akipata kitu cha kushika. Kumbe tatizo lake si utundu, ni hadithi yenyewe kuwa ndefu. Hayo yote yamo kwenye mistari mitatu kwa sababu uliandika mikono na mdomo wake vilivyofanya. Neno "mtundu" halikuwa na chochote ndani yake.

Mwingereza mmoja, Susan Isaacs, aliendesha shule ndogo ya watoto pale Cambridge kati ya 1924 na 1927, na kazi kubwa aliyojipa ilikuwa kuandika watoto walisema nini na walifanya nini, neno kwa neno. Wanafunzi wangu chuoni walikuwa wanacheka nikiwaambia kwamba mama huyo alijenga jina lake kwa kunukuu maneno ya watoto wadogo. Lakini wewe unayeishi na watoto unajua: mtoto wa miaka mitano akisema jambo la kushangaza saa tatu, saa sita umeshalisahau. Kwa hiyo penseli ifunge kamba, uivae shingoni.

Usizidishe, lakini. Mistari mitatu, tarehe, basi. Nimewaona walimu wakiandika kurasa kwa kurasa mpaka hawana muda wa kuzungumza na mtoto wanayemwandika. Hata England, wenye uwezo wa karatasi na kompyuta, walipohuisha mwongozo wao wa elimu ya watoto wadogo mwaka 2021, moja ya shabaha zao ilikuwa kupunguza makaratasi ili mwalimu arudi kwa watoto. Ikiwa wao yaliwaelemea, sisi wenye 71 tusijitie huko.

Sasa, utazame nini? Mtaala wa 2016, uliotulea wengi wetu, ulitaja umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii na kutumia dhana za kihisabati. Ona mpangilio wake: kuhusiana na wenzake ni jambo la kwanza, hesabu ni la mwisho. Sitaki kukupa orodha hakiki ya vipengele sitini. Utaijaza tiki zote Ijumaa jioni ukiwa nyumbani, nami najua kwa sababu nimeijaza hivyo. Nikupe mfano mmoja tu na tuufuate mpaka mwisho, wa hesabu, maana ndio uliopimwa kwenye ule mtihani wako.

Darasani kwako watoto karibu wote wanahesabu mpaka 20 kwa sauti moja, sivyo? "Mojaaa, mbiliii, tatuuu." Mwalimu mkuu akipita anafurahi. Sasa chukua kopo la vizibo, mwite mmoja pembeni, mwambie: "Nipe vitano." Wengine watakuhesabia vitano na kuacha. Wengine watakupa vitatu kwa uhakika, lakini ukitaka vitano wanachota gao la mkono. Na wapo watakaochota gao hata ukitaka viwili, ingawa ndio waliokuwa wanapiga kelele kuliko wote kwenye kuhesabu.

Si uvivu. Kuhesabu kuna mambo kadhaa ndani yake, ambayo watafiti Rochel Gelman na Gallistel waliyachambua mwaka 1978. Kujua maneno kwa mfuatano usiobadilika ni jambo moja, nalo ni kama kujua wimbo. Kukipa kila kitu neno moja, bila kuruka wala kurudia, ni jambo la pili. Hapo utaona kidole kinakimbia kuliko mdomo. La tatu ndilo zito: kujua kwamba lile neno la mwisho ulilolitaja ndilo jibu la "vingapi". Mtoto ambaye hajalipata hilo, akimaliza kuhesabu vizibo saba ukamuuliza "vingapi?", anaanza upya kuhesabu. Hakukosea. Kwake yeye, swali la "vingapi" ni ombi la kuimba tena. Na hivi vitu huja hatua kwa hatua: mtoto anaielewa moja, miezi inapita anaielewa mbili, kisha tatu, halafu siku moja mlango unafunguka na namba zote zilizobaki anazielewa kwa pamoja.

Kuimba kwa pamoja hakukuonyeshi lolote kati ya haya. Kwaya inamficha kila mtu. Tunapenda mno "Tumeelewa?" "Ndiyooo!" Mimi nimeisikia "ndiyo" hiyo kutoka kwa mtoto aliyekuwa anatazama kenge dirishani.

Basi wiki utakayoanza kutazama, wanne wako wa kila siku, waulize "nipe vitano" na uandike walichofanya. Ukiona vitano ni vingi, shuka mpaka vitatu, viwili. Ukiona ni rahisi, panda mpaka nane, kumi. Ni kazi ya dakika moja kwa mtoto, na ifanye kwenye kona ya duka ili iwe mchezo: wewe ni mteja, yeye ni muuzaji. Na ukipita chini ya mwembe ukakuta wakubwa wao wanacheza mdako, simama. Yule anayerusha kokoto juu, akavuta nyingine kutoka shimoni na kurudisha zote ila mbili tu kabla ya kudaka, hana haja ya mtihani wa kutenga viwili. Walimu tunawafukuza watoto kwenye mdako ili waje kuhesabu ubaoni!

Sasa twende kwenye andalio la somo, kwa sababu hapa ndipo kutazama na kupanga hukutana. Baada ya wiki utakuwa na picha ya watoto 20. Tuseme saba wanakomea viwili au vitatu, tisa wanafika vitano, wanne wanakwenda kumi bila shida. Huhitaji maandalio matatu. Unahitaji kona moja ya duka na maombi matatu tofauti. Kwa wale saba: "niuzie sabuni mbili", na kila mara mtoto akikupa, tajeni pamoja: "mbili." Kwa wale tisa: "nipe nyanya tano," kisha, "nimebadili mawazo, ongeza moja, sasa ziko ngapi?" Wanne wa mbele wape kazi ya kumpigia hesabu mteja mwenye sarafu za vifuu. Vizibo ni vilevile, magunzi ni yaleyale, mkeka ni uleule. Kilichobadilika ni swali linalotoka mdomoni mwako, na unajua umuulize nani lipi kwa sababu kaunta buku imekwambia.

Kwenye andalio, pale kwenye sehemu ya shughuli za mwalimu na za mtoto, andika hayohayo. "Kundi A: maombi ya 2–3. Kundi B: 5 na kuongeza 1." Mthibiti ubora akija, atakuta andalio linalowazungumzia watoto waliomo ndani ya chumba. Mimi nimekaa upande wa wanaokagua pia. Tunachoka kusoma "mwalimu atawaongoza watoto kuhesabu 1–10" iliyonakiliwa tangu mwaka juzi, pamoja na makosa ya tahajia. Ile sehemu ya tathmini na maoni mwishoni, ambayo wengi huandika "somo limeeleweka kwa asilimia 80", andika badala yake jambo moja ulilogundua na litakalobadilika kesho. "Watano walichanganya tano na sita kwenye duka, kesho waandae vikombe vya uji wa mkeka wao, mmoja kila mtoto." Hiyo ndiyo tathmini. Ikiwa haigusi andalio la kesho, imebaki kuwa mapambo.

Utaniuliza: nikikaa kona ya duka na wanne, wale 67 wanafanya nini? Wanapigana. Ndiyo, wiki ya kwanza watapigana, nikufiche nini. Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo usipime mtu. Fundisha mchezo wenyewe. Mikeka minane, watoto tisa hivi kila mmoja, kila mkeka na kapu lake: udongo wa mfinyanzi, vizibo, vipande vya kanga na masufuria ya kona ya nyumbani, njiti na kokoto, vitabu vya picha, maji na vikopo nje chini ya mwembe. Wafundishe kapu linakaa wapi, mnaligawana vipi, na kayamba ikilia kila kitu kinarudi kapuni. Kayamba tu. Ukitegemea sauti yako utaipoteza mwezi wa pili. Rudia mpaka waweze kukaa muda wa kutosha bila kukuita. Mwalimu mwenzako akikwambia umepoteza wiki mbili, mwache.

Na hapa nikutajie jambo la karibu na sisi. Miaka ya 1980 pale Mombasa, Bi Swafiya Said, kwa kuungwa mkono na Aga Khan Foundation, alianzisha kazi iliyozaa shule za awali za madrasa. Baadaye zikavuka kwenda Zanzibar na Uganda. Walichukua mafunzo ya dini, nyimbo na desturi za pwani, wakayachanganya na mfumo wa HighScope wa Marekani, ule uliotokana na kazi ya David Weikart iliyoanza Ypsilanti, Michigan, mwaka 1962. Mfumo ule una hatua tatu ambazo mtoto anazijua kwa vitendo: anapanga, anafanya, anakumbuka. Kabla hajaenda kwenye kapu anasema atafanya nini. Akimaliza anasimulia alichofanya. Nilikwenda kuwatazama Unguja miaka mingi iliyopita, na kilichonigusa ni zana zao. Hazikuwa za duka. Vifuu, makumbi, mabua, vitambaa. Walimu wenyewe walikuwa akina mama wa mtaa huohuo, wamefunzwa hatua kwa hatua.

Kwa watoto 71 huwezi kumsikiliza kila mmoja akipanga. Waambie wageukie jirani: "Mwambie mwenzako utafanya nini leo." Kelele ya nusu dakika, ya maana. Wewe sikiliza wanne wako tu. Utashangaa mwezi wa pili: mtoto aliyekuwa anasema "nitacheza" atakwambia "nitatengeneza daraja, halafu gari lipite chini." Sentensi hiyo iandike. Ni upangaji, ni lugha, na ina "halafu" ndani yake, neno ambalo mwalimu wa darasa la kwanza atalitafuta sana kwenye kusimulia hadithi.

Juu ya kusaidia nitakwambia kitu kimoja, kwa sababu hakina gharama: nyamaza. Mmarekani Mary Budd Rowe, miaka ya 1970, alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu kabla ya kumwita mwingine au kujibu wenyewe. Walipojilazimisha kusubiri sekunde tatu, majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sekunde tatu si kitu, lakini mbele ya watoto 71 zinaonekana kama saa nzima. Hesabu moyoni mpaka tano. Kisha, mtoto akikwama, usimpe jibu. Mpe kitu kidogo kuliko jibu. Anajaribu kufunga kifungo, mshikie upande mmoja wa shati. Mafundi wakijenga ukuta husimamisha miti ya kupandia, na ukuta ukikauka wanaiondoa. Ukiona bado unamshikia shati mwezi wa sita, miti yako imeota mizizi.

Kuna mtoto asiyesema kabisa. Hapo Handeni utakuwa nao kadhaa, maana nyumbani ni Kizigua au Kimaasai na Kiswahili cha shule kinawakuta mlangoni. Mtoto anayeingia kwenye lugha mpya anaweza kukaa kimya wiki nyingi huku akisikiliza kila kitu. Usiandike "hajui". Andika lugha anayozungumza nyumbani, na muulize mama yake au kaka yake mkubwa anaweza nini huko. Nilimjua mvulana wa kifugaji aliyekaa muhula karibu mzima bila neno. Mwalimu wake alimwandikia sifuri ya hesabu. Babake alipokuja tukamuuliza, akacheka: jioni mbuzi wakirudi, huyu ndiye anayesema yupi hayupo. Mbuzi zaidi ya thelathini. Tukamletea kokoto na picha za mbuzi, na hesabu ikaanza kutoka, kwanza kwa Kimaasai, baadaye kwa Kiswahili.

Lakini ukimya una sababu nyingi, na kama nilivyokwambia, mimi niliwahi kukosea. Simama nyuma ya mtoto, hatua tatu, utaje jina lake kwa sauti ya kawaida bila wenzake kumtazama. Angalia nani anasogeza kitabu puani, nani anapindisha shingo kutazama ubao. Ukiona jambo mara tatu kwa siku tofauti, ongea na mzazi na uwaelekeze kituo cha afya. Usimpe mtoto jina la ugonjwa. Kazi yako ni kuona na kueleza ulichoona, na hapo ile kaunta buku ina thamani kuliko barua yoyote ya rufaa.

Wazazi wanaotaka herufi. Usiwabeze. Wamelipia sare na madaftari kwa taabu na wanataka kuona kitu kimeandikwa. Waite siku moja, wakalishe kwenye mikeka, wape udongo. Waambie kwamba mtoto anapozaliwa mifupa midogo minane ya kifundo cha mkono bado ni gegedu, na hukomaa mmoja mmoja kwa miaka mingi. Na mkono wa mtoto mdogo unachoka penseli upesi. Kufinyanga, kupukuchua mahindi, kuchambua mchele na kufunga vifungo ndiko kunakoandaa vidole vile. Akina bibi watakuelewa kabla hujamaliza, maana ndio waliokuwa wanatupa kazi hizo.

Kisha waonyeshe kusoma kunakoanza masikioni. Waombe wapige makofi kwa vipande vya neno "mtoto". Wazazi watapiga mawili: "mto-to". Waite watoto wapige: "m-to-to", matatu. Watoto wako sahihi. "Mbu" ni makofi mawili, "mbuzi" pia ni mawili, na "nchi" mawili. Sisi tulioharibiwa na maandishi tunaona herufi; mtoto anasikia. Mtoto anayeweza kulikatakata neno kwa masikio, Kiswahili kitamfungukia haraka, kwa kuwa silabi zetu nyingi ni konsonanti na irabu, ziko wazi kama mlango. Ukitaka herufi, anza na za jina lake mwenyewe, kwenye kapu lake. Kumjazisha kurasa za "a a a a" kunampa mkono unaouma.

Na mwalimu mkuu? Usiende kumwambia kwamba amekosea. Yeye naye ana afisa elimu kata anayemdai takwimu. Nenda na kaunta buku. Mwombe akuruhusu muhula mmoja ujaze fomu kwa maneno matatu badala ya asilimia: "anafanya mwenyewe", "anafanya akisaidiwa", "bado". Maneno hayo yanahesabika. Akitaka takwimu, utamwambia kati ya watoto 71 wangapi wanaweza kutenga vitu vitano wenyewe, wangapi kwa msaada. Hiyo ni takwimu iliyonyooka kuliko "wastani wa darasa 54". Nafasi za wa kwanza na wa mwisho mwombe aziache. Akikataa kabisa, jaza alichotaka kwenye fomu yake, lakini ripoti ya mzazi andika wewe, hivi: "Mwanao anaweza kuhesabu na kutoa vitu vitano bila kusaidiwa. Ameanza kusubiri zamu yake kwenye bembea. Bado anaona tabu kusimulia jambo kwa mpangilio. Jioni mkiwa jikoni, muulize alifanya nini kwanza na nini baadaye." Mzazi aliyepokea hiyo ana kazi ya kufanya usiku uleule. Aliyepokea "54%" ana fimbo tu.

Kazi za mtoto pia ziweke. Gamba la boksi limekunjwa, jina juu, na ndani mchoro mmoja kwa mwezi wenye tarehe. Usichague mzuri. Mtoto aliyekuwa anachora duara tupu Februari, Juni duara lina macho na miguu inayotoka kichwani, Oktoba lina kiwiliwili na vidole saba kila mkono. Vidole saba hivyo usivisahihishe. Mwulize tu, "Huyu ana vidole vingapi?" na usubiri.

Jumatatu, basi, anza na mikeka na kayamba. Wiki ya tatu fungua kaunta buku. Na wale wawili waliolala uwaandike kurasa za kwanza kabisa: wapeleke kona ya duka saa nne, baada ya uji, uwaambie wakuuzie vitano.